Bi Sharifa wa Ufukoni, Mwanamke Anayesikiliza Rimu

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, mtaa wa Ufukoni mjini Mtwara. Bi Sharifa Nangomwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, rimu ya gari mapajani, shavu lake la kulia limelala juu ya chuma. Amefumba macho. Anaizungusha rimu taratibu na shavu linateleza juu ya ukingo wake. Mara anaacha, anachukua kipande cha mkaa na kutia alama.

"Hapa bado," anasema. "Pana mchanga."

Mwandishi wa makala haya anapitisha kidole penye alama. Laini kama kioo. Anapitisha tena polepole, bado laini. Bi Sharifa anacheka, anachovya msasa kwenye beseni la maji na kuanza kusugua upya.

"Vidole vinadanganya, mwanangu. Vyangu mimi vilishakufa zamani, ndiyo maana nauliza shavu."

Baada ya dakika ishirini analaza tena shavu, anatikisa kichwa kukubali, kisha anaifuta rimu kwa kipande cha kanga kuukuu. Inamulika. Ukiinama unaona meno yako mwenyewe. Na asubuhi ya Jumanne, anasema mumewe Omari, kitu hichohicho kilikuwa kimevimba rangi na kutoa ukungu mweupe kama mkate ulioharibika.

Bi Sharifa, ambaye wengi humwita mama Idrisa kwa jina la mwanawe, ana umri wa miaka 44. Kazi yake ni kubandua rangi na kung'arisha rimu za alumini, zile ambazo madereva huziita rimu za sporti. Katika mji wa pwani kama Mtwara kazi hiyo haiishi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hupenya chini ya rangi, na rimu huanza kuliwa polepole bila mwenye gari kujua.

Omari ana kibanda cha pancha kwenye kona, hatua kama themanini kutoka nyumbani. Yeye huvua tairi, mkewe huchukua rimu. Kila rimu humchukua Bi Sharifa nusu siku, wakati mwingine siku nzima, na malipo ni shilingi elfu saba. Mashine hana. Hata angekuwa nayo, mwaka huu wa 2006 umeme wa Mtwara ni wa kubahatisha, unakuja kama mgeni asiyeaga wala kupiga hodi. Zana zake ni msasa wa aina sita, beseni, blanketi lililochanika, kanga za zamani na mikono miwili.

Mikono hiyo ina historia. Tangu akiwa msichana kijijini karibu na Nanyamba, Bi Sharifa alibangua korosho. Anayejua korosho anajua ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu, lakini majivu hayashindi miaka. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyororo, hazina hata mstari mmoja.

"Nilipokwenda kujiandikisha kupiga kura, karani alinichovya kidole kwenye wino mara tatu," anasimulia. "Karatasini likatoka doa tu. Akaniuliza, mama, wewe ni mtu kweli?"

Mafuta hayohayo ndiyo yaliyomwingiza kwenye kazi hii, na kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1998 mteja mmoja wa Omari aliulizia mtu wa kumtolea rangi kwenye rimu. Bi Sharifa alisikia, akawaza. Mafuta ya korosho yanabandua ngozi ya binadamu, yatashindwaje na rangi? Akayapaka kwenye rimu zote nne, akazianika juani.

Kesho yake alikuta maajabu. Mafuta yalikuwa yamekauka, yamegeuka weusi mgumu unaong'aa, mgumu kuliko rangi aliyotaka kuiondoa. Wavuvi wangemcheka, maana wao huyapaka mafuta hayo kwenye mitumbwi makusudi ili maji yasipenye.

"Nililia," anasema Bi Sharifa. "Halafu nikakaa chini nikaanza kukwangua. Wiki tatu! Kila siku nakwangua, nasugua, nakwangua. Siku ya ishirini na moja nikaona kitu kinanitazama kutoka kwenye chuma. Nikashtuka. Kumbe ni mimi."

Omari anadakia kutoka mlangoni: "Ntu gani anajifunza kazi kwa kuiharibu kwanza? Ni huyu peke yake!"

Lakini wanaomjua Bi Sharifa hawamsifii kwa kung'arisha tu. Wanamsifu kwa mwiko.

Kabla hajaanza kazi, kila rimu huitundika kwa kamba kwenye boriti ya banda la jiko, kisha huigonga kwa mpini wa mwiko wa ugali. Anainamisha kichwa na kusikiliza mpaka sauti iishe yote. Alijifunza mtindo huo kwa mama yake, aliyekuwa akinunua vyungu mnadani. Mwanamke wa huko kijijini halipii chungu bila kukiweka kiganjani na kukigonga kwa kifundo cha kidole.

"Chungu kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa," anasema. "Rimu nayo ni hivyohivyo. Lakini mimi nilichelewa kuamini."

Hapa sauti yake inashuka. Mwaka 2001 aling'arisha rimu za mwalimu mmoja aitwaye Kasiani. Alipokuwa akiigeuza mojawapo, iligonga ukingo wa beseni na kutoa mlio mfupi, mkavu. Aliusikia vizuri. Akajiambia kwamba rimu si chungu, akaendelea na kazi. Baada ya siku tisa rimu hiyo ilivunjika kwenye mteremko karibu na Mtama. Mwalimu Kasiani alitoka hai, lakini mpaka leo anatembea kwa fimbo.

"Hakunilaumu hata siku moja. Aliniletea ile rimu mwenyewe, akaniambia, mama Idrisa, kaa nayo. Nikamwambia ukweli kwamba niliisikia, nikanyamaza. Tangu siku hiyo sipokei rimu bila kuigonga."

Rimu ya Mwalimu Kasiani, vipande viwili, iko kwenye kona ya jiko, imefunikwa gunia.

Rimu nne za wiki hii ni za Dickson Mwasomola, dereva wa kreni bandarini, mwenyeji wa Mbeya. Binti yake Faraja anafunga ndoa kanisani Masasi siku ya Jumamosi, na kesho alfajiri baba mwenyewe ndiye atakayemwendesha. Ni karibu kilomita mia mbili. Rimu tatu ziko tayari, pamoja na hiyo ya shavuni asubuhi ya leo. Ya nne ndiyo inayomnyima raha Bi Sharifa.

Aliigonga Jumanne, ikalia kwa uzito. Lakini ilikuwa na rangi nene tabaka juu ya tabaka, na mahali pamoja mtu wa zamani alikuwa ameziba kwa puti, ile dawa nzito ya kujazia mabonde ya bati. Akaona ni haki kuivua nguo kwanza kabla ya kuihukumu. Sasa imebanduliwa yote. Anaitundika. Zile tatu alipozigonga tena mbele yetu zililia *ngeeee*, sauti ndefu iliyotufuata hadi uani. Hii anaigonga, nayo inasema *ko*.

Anaigonga tena. *Ko.*

"Hii ina ufa," anasema. Ukiitazama huoni kitu.

Saa nne Dickson anafika, kofia ya kazi bado kichwani. Anaziona zile tatu juani na kusimama ghafla. "Mama Idrisa! Hizi ni zangu kweli?" Anapiga magoti kuzitazama, mtu mzima na mvi zake. Kisha anaambiwa habari ya ile ya nne, na furaha inamwisha usoni.

"Fundi wangu ameizungusha, imenyooka. Mimi mwenyewe sioni ufa."

"Sikiliza, baba Faraja." Anagonga moja nzima, kisha hii.

"Nasikia chuma, mama. Chuma na chuma. Kesho alfajiri nasafiri, rimu kama hii Mtwara nzima hakuna, mpaka Dar es Salaam. Ing'arishe tu hivyo hivyo. Safari yenyewe ni moja."

Bi Sharifa habishani. Anaingia ndani na kutoka na chupa ya mafuta ya taa na bakuli la unga wa muhogo. Anapaka mafuta pale palipokuwa na puti, anangoja, anapafuta mpaka pakauke kabisa. Kisha anachota unga kwa vidole na kuunyunyiza juu, mwembamba, mweupe. Anakaa kwenye kigoda chake na kukunja mikono.

"Tungoje," anasema.

Tunangoja. Omari ameacha pancha ya mtu na kuja kutazama. Kwa muda hakuna kinachotokea, na Dickson anatazama saa yake. Halafu katikati ya weupe ule unatokea mstari. Hakuna mkono ulioushika. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda yenyewe na kulowanisha unga, nao mstari unatambaa kutoka kwenye tundu la nati, unapinda kidogo, unafika kwenye mkono wa rimu. Urefu wake ni kama kidole cha shahada. Vinyweleo vya mwandishi vilisimama, na haoni haya kusema hivyo. Mwanamke huyu alikuwa ameuona mstari ule kwa sikio.

Dickson anavua kofia yake. Anapozungumza, sauti yake ni ya mtu anayeomba.

"Mama Idrisa, binti yangu wa kwanza huyo. Wakwe wote watakuwa nje ya kanisa. Nitafikaje na rimu tatu zinamulika na moja nyeusi ya chuma, ya spea? Watasema baba wa bibi harusi ameishiwa. Paka rangi hapo, mimi nitakwenda mwendo wa pole."

"Mwalimu Kasiani naye alikwenda mwendo wa pole."

Bi Sharifa anainuka, anafunua lile gunia jikoni na kuleta vile vipande viwili. Anaviweka mbele ya Dickson. Upande mmoja bado unang'aa, miaka mitano baadaye, kwa sababu aliung'arisha vizuri sana.

"Hii ni kazi ya mikono yangu," anasema. "Iangalie ilivyo nzuri. Niliisikia ikikohoa, nikaipamba. Leo ukinilazimisha, chukua rimu zako zote nne, hela yako nakurudishia. Lakini hiyo siigusi."

Dickson anakiinua kipande kimoja, anakigeuza, anapitisha kidole gumba mahali palipovunjika. Anakirudisha chini kwa adabu. Kisha anamgeukia Omari na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaweza kumpatia tairi jingine la akiba, kwa sababu spea yake itakuwa barabarani.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, gari linapita Ufukoni na kusimama mbele ya nyumba. Rimu tatu zinamulika hata kabla jua halijachomoza sawasawa. Ya nne, nyuma kushoto, ni nyeusi, ya chuma, ina kutu. Faraja anatoa mkono dirishani akiwa na hina hadi kwenye kiwiko. "Shikamoo, mama Idrisa." Bi Sharifa anaitikia, anazunguka gari, anaweka kiganja juu ya ile nyeusi na kukiacha hapo kidogo. Kisha anawapungia.

"Mwaka wa nane huu nang'arisha," anasema gari likiishia kwenye kona. "Hiyo nyeusi sikuigusa hata kwa kitambaa. Lakini nakwambia, ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote."

Hafanyi kazi asubuhi hiyo. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, anachambua mchele usio na mawe. Ili kupitisha muda anaeleza anachokitaka. Anataka kibanda cha bati kando ya barabara kuu, pale malori ya korosho yanapopita, boriti yake iwe imara, ndefu, ya kutundika rimu nne kwa mpigo. Bati kumi na mbili ameshanunua. Yohana, mchora vibao, alikuja wiki iliyopita kuuliza aandike nini: Kung'arisha Rimu? Rimu Kama Mpya?

"Nikamwambia hayo aandike chini, kwa herufi ndogo. Juu kabisa aandike: KUGONGA NI BURE. Ntu asiyetaka kung'arisha, asimame tu. Nimgongee, aende zake."

Saa sita na robo simu ya Omari inalia mara moja. Ni ujumbe kutoka Masasi. Omari anausoma kwa sauti, herufi kwa herufi: *Tumefika wote salama. Wakwe wamelicheka sana gurudumu letu.*

Bi Sharifa anaketi kwenye kigoda. Anajifuta uso kwa upindo wa kanga, mara moja, na mara ya pili.

"Waache wacheke," anasema. "Si yupo hai wa kuchekwa?"