Harara Katikati ya Baridi

Mwezi wa sita, kwetu Endamarariek, ukungu huamka kabla ya watu. Unashuka kutoka upande wa msitu wa Ngorongoro, unapita juu ya mbaazi polepole kama unaota, halafu unaingia jikoni kwa bibi bila hodi. Mpaka saa nne asubuhi ng'ombe wa jirani huonekana miguu tu, kama meza iliyosahauliwa shambani. Likizo ile nilirudi kutoka bweni, kidato cha tatu, na ripoti ambayo sikuwa na haraka ya kumwonyesha mtu. Bahati yangu hakuna aliyeiulizia. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga.

Alikuwa wa dada yangu, mtoto wake wa kwanza, ana miezi miwili. Dada ameolewa Mang'ola, kule bondeni kwenye mashamba ya vitunguu, ambako jua likipanda hata mbwa anatembea kwa ncha za vidole. Alikuja kujifungulia kwetu ili bibi amwangalie. Na bibi ana adui mmoja tu duniani, baridi. Akiisikia inapita chini ya mlango anaitazama kama mwizi.

Sasa kwetu anayekuja kumwona mtoto haji mikono mitupu, analeta cha kumvalisha. Akirudi wiki inayofuata anataka kukiona mwilini, siyo kwenye sanduku. Shangazi alileta sweta la njano. Mama mmoja wa kanisani akaleta la kijani, pamoja na boshori yake ya kichwani. Mjomba, ambaye huendesha watalii, alileta koti la manyoya lililosahauliwa na mtoto wa mzungu kwenye gari, zipu mpaka puani. Rafiki wa bibi wa Nainokanoka, mama wa Kimaasai ambaye tangu ujana wao wanabadilishana mahindi na samli, alituma shuka nyekundu nzito. Kila mgeni alipopiga hodi, bibi aliongeza nguo moja. Kupunguza hakukuwepo. Mtoto akawa mviringo, macho mawili na pua kwa mbali. Mimi nikamwita Kabichi.

"Usimwite mwanangu mboga," dada alisema.

"Dada, hiyo ni heshima. Shamba zima hakuna aliyevaa kumzidi kabichi."

Kazi yangu ilikuwa kumpaka mafuta akishaogeshwa. Dada aliniambia kidogo tu. Lakini mimi nilichota yale mafuta ya mgando kwa vidole vitatu, nikamng'arisha kama kiatu cha shule Jumatatu asubuhi, nikimwimbia. Alikuwa ananukia maziwa na moshi wa kuni, ananiangalia bila kupepesa, na mimi nilijiona fundi. Kisha bibi anamfunga, nguo juu ya nguo.

Asubuhi moja alilia kilio chembamba, kisichokwisha. Hata ziwa alilinyonya kidogo akaliachia. Nikamfungua shingoni. Kwenye mikunjo palikuwa na vipele vidogo vyekundu, vingi, kama mtu amemmwagia ulezi. Kwapani vipo. Mgongoni ndio usiseme.

"Surua," bibi alisema.

Dada alikaa chini, palepale, juu ya gunia la mahindi. "Bibi, usiseme hivyo."

"Nimeona surua nyingi. Lete blanketi, tumfunike itoke yote."

"Si inaweza kuwa harara?" dada aliuliza. Mang'ola kila mtoto anaijua harara, vile vipele vya joto.

Bibi akafungua mlango. Ukungu ulijaa mpaka kizingitini, mweupe, umetulia. "Harara ni ya kwenu huko bondeni. Hapa joto liko wapi? Nionyeshe."

Dada akaanza kulia kimyakimya, huku akimtikisa mtoto. "Mama mkwe aliniambia nisije huku. Mtoto akipotea nitamrudia na nini?"

Mimi, ambaye darasani hunyamazishwa kwa rula, nilikuwa natazama vidole vyangu vitatu.

Tulikwenda zahanati kwa miguu. Dada mbele, mtoto mgongoni ndani ya furushi lake lote, mimi nyuma. Njia ilikuwa inaisha kila hatua na kuanza tena. Mara namwona dada, mara naona wekundu wa ile shuka tu ukielea hewani peke yake, na kilio kinatoka humo kama cha ndege aliyepotea. Nilimwahidi Mungu mambo mengi njiani, mpaka kusoma hesabu. Nikamwambia pia kuhusu mafuta, yeye tu.

Nesi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Alimlaza mtoto mezani akaanza kumvua. Shuka. Koti. Sweta. Sweta. Akasimama kidogo.

"Huyu anapanda Kilimanjaro?"

Hakuna aliyecheka. Akaendelea kuvua mpaka akabaki mtoto mwenyewe, mdogo kuliko nilivyokumbuka, anafuka mvuke kama kiazi kilichomenywa. Kilio kikapungua. Nesi alimwacha apumzike, akampima joto, akamtazama macho na mdomo, huku anauliza. Anakohoa? Hapana. Mafua? Hapana. Macho yalikuwa mekundu? Hapana. Dada alipomweka kifuani, mtoto akanyonya kama mwenye deni.

"Homa hana," nesi alisema. "Surua huja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele huanzia usoni. Huyu vyake viko kwenye mikunjo na mgongoni, pale nguo zinapobana. Ni harara. Jasho limekosa pa kutokea."

"Lakini nje kuna baridi, nesi."

"Nje, ndiyo. Mtoto hayuko nje. Yuko ndani ya masweta." Akapitisha kidole mgongoni kwa mtoto, akakitazama. "Na nani anampaka haya mafuta?"

Nilifikiria kumsingizia bibi. "Mimi."

"Kwa mwiko?"

"Kwa vidole vitatu."

Hapo alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia. "Mafuta mazito yanaziba. Yaache mpaka vipele viishe, na poda pia usimpake." Kisha akanishika mkono, akaweka vidole vyangu nyuma ya shingo ya mtoto. Palikuwa na unyevu, na moto. "Pima hapa. Usimpime mikononi wala miguuni, huko huwa baridi hata kama mwili umechemka. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Pakiwa pa baridi, ongeza. Hiyo ndiyo kazi yako sasa, fundi."

Mengine alimwambia dada. Amwogeshe kwa maji ya vuguvugu yasiyo moto, bila sabuni ya manukato. Amkaushe mikunjo kwa kugusagusa, asisugue. Nguo moja nyepesi ya pamba, na ya kumfunikia juu kama kuna haja. Amkate kucha asijikune, na vipele visitumbuliwe. Siku chache vitaisha. Ila akipata homa, vikitoa usaha, au akikataa ziwa, arudi naye siku ileile.

Nyumbani bibi alimwona mtoto katika nguo moja, akashika kichwa.

"Nesi amesema, bibi," dada alisema.

"Na shangazi yenu akija kesho? Sweta lake atalikuta wapi?"

Ndipo nikaelewa. Baridi bibi angeiweza. Watu ndio walikuwa wanamtisha.

Nilifunga kamba kutoka kwenye mparachichi mpaka nguzo ya jikoni, nikaloweka nguo zote, nikazianika. "Mgeni akiuliza, mwambie zimefuliwa."

"Zimefuliwa siku ngapi, wewe?"

"Bibi, mwezi wa sita. Kwetu kuna nguo inayokauka?"

"Wewe mtoto ni mwongo kabisa," alisema, akaingia ndani.

Shangazi alikuja. Sweta la njano nilikuwa nimeliweka la kwanza, karibu na njia. Aliliminya, likachuruzika, akaridhika. Akambeba mtoto, akamsifu kwa wepesi wake, hakuuliza kingine.

Kila asubuhi nilipima shingo. Siku ya kwanza unyevu. Ya pili kidogo. Ya tatu niliamka nikamkuta bibi ameshafika, amekaa kitandani kwa dada, ana masweta yake matatu mwenyewe, vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto, macho amefumba kama anasikiliza kitu cha mbali. Vipele vilikuwa vimefifia, ngozi inabanduka kidogo kama vumbi. Mtoto amelala, mdomo wazi.

"Pakavu," bibi alisema taratibu.

Nje zile nguo zilikuwa zinaning'inia kwenye ukungu, mikono wazi, kama watoto wengine wanaosubiri kuzaliwa. Nilikaa nikizitazama mpaka bibi akanigusa bega na kunipa kikombe cha maji.

"Nenda kalimwagie lile la njano," alisema. "Limeanza kukauka, na shangazi yenu yuko njiani tena."