Kisigino Mlangoni

Mhasibu wetu hukamulia maziwa ya mwanawe stoo, katikati ya viti vibovu na vizima, kwa kuwa ofisi nzima eti haina nafasi. Mlango hauna komeo, basi huukaza kwa kisigino, mikono ikishughulika na kikombe, simu kaibana begani anamjibu bosi kwa sauti tulivu, utadhani yuko mezani. Komeo kaliomba mpaka kachoka. "Vumilia kidogo, dada." Kidogo gani, na mtoto keshaota meno!

Leo bosi mwenyewe kaja kuusukuma mlango. "Dada, tupe viti, semina ya ustawi wa wanawake kazini inaanza."

Kisigino hakikusogea.

"Sawa, bosi. Mwambie mtoa mada aje kwanza anishikie mlango."