Kitambaa cha Buluu cha Nippori

Nilipomaliza masomo ya jioni, baada ya kusinzia vitabuni hadi kidevu changu kikachimba shimo mezani, mimi na mke wangu tulikwenda Tokyo kwa wiki moja. Sisi Wakenya wa ughaibuni, wakazi wa mji wa Brooklyn Center, tumezoea kwamba ukitaka sufuria, kitabu na suruali, unaendesha gari hadi duka moja kubwa na kazi imekwisha. Tokyo kila kitu kina mtaa wake. Katika mtaa wa vyombo vya jikoni niliona visu vya kutosha kuchinja mbuzi wa Kenya nzima. Kuna mtaa wa vitabu vikuukuu. Kuna mtaa wa wazee, ambako hata ngazi za umeme hupanda polepole kwa heshima yao.

Mke wangu alivumilia yote hayo akiingoja siku ya mwisho, siku ya Nippori, mtaa wa vitambaa. Binti yetu alikuwa karibu kuolewa mjini Saint Paul, na mama wa bibi harusi alitaka gauni ambalo hakuna mwanamke mwingine kanisani angekuwa nalo.

Katika duka la nne tulikipata kitambaa chenyewe: buluu iliyokolea, maua meupe madogo. Kilibaki kipande kimoja tu kwenye jora, cha kutosha gauni kamili. Muuzaji, mama mzee mwenye miwani, akatuonyesha bei kwenye kalkuleta.

"Lipa twende," mke wangu akasema.

"Mama watoto, bei ya kwanza hailipwi. Mimi nimelelewa sokoni. Niachie."

Nikabonyeza nusu ya bei. Muuzaji akatabasamu, akabonyeza ileile ya kwanza. Basi nikatumia dawa ya mwisho: nikatikisa kichwa, nikamshika mke wangu mkono, tukatoka taratibu, masikio yote nyuma, tukingoja kuitwa.

Muuzaji aliinama, akatushukuru kwa kuja.

"Anatupima," nikanong'ona barabarani. "Ngoja hatua kumi."

"Nimeshahesabu mia. Wewe mzee, hapa si soko la Gikomba!"

Tuliporudi, mteja mwingine alikuwa kwenye kaunta, na mkasi ulikuwa umeshapita katikati ya kitambaa chetu. Kilichobaki kilitosha blauzi. Mke wangu alilipa bei ya kalkuleta, mimi nikiwa nimeamriwa kusimama nje pamoja na miavuli ya wateja.

Harusini alivaa blauzi ya kitambaa hicho na sketi ya dukani. Wanawake wa kanisa wakamzunguka.

"Haki, hii umetoa wapi?"

"Tokyo," akajibu, kisha akaninyooshea kidole mbele ya wakwe. "Gauni lenyewe liko wapi, muulizeni yule."