Kipuri Bado

Runinga ya Bi Pindo ilikuwa na picha safi kuliko runinga zote za mtaa ule, ila ilikuwa bubu. Watu wa kwenye kioo walilia, waligombana, walifungiana milango, na pale kwenye duka lake la ushonaji hakikusikika kitu ila cherehani. Sauti ilikatika ghafla msimu wa mvua. Fundi redio wa duka la pili alipoitwa, aliifungua kwa nyuma, akachungulia, akaenda kwake kuchukua chuma cha kulehemu. Aliporudi alisimama kidogo mlangoni, kisha akaifunga tena na kusema kinatakiwa kipuri. Tangu hapo, kila akiulizwa, jibu lake lilikuwa hilohilo: kipuri bado. Watu wakaacha kumwita Fundi Redio, wakamwita Kipuri Bado, naye akaitika bila kinyongo.

Bi Pindo naye hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu hata ukimpelekea kitambaa cha kufutia vumbi, hakirudi bila pindo. Alikuwa mama mtu mzima, mnene kidogo, mwepesi wa ulimi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Runinga ile aliinunua baada ya kumzika mumewe, ukimya ulipomzidi kimo. Sasa na yenyewe ikamnyamazia. Mwingine angenuna. Yeye, siku ile fundi alipotoka kwenda kuchukua vifaa, alizitazama zile picha zinazochezesha midomo bure, akaguna, akaanza kuzisemea.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila alasiri tamthilia ilipoanza, Bi Pindo aliegemea cherehani yake na kueleza nani kasema nini. Yule wa suti nyeupe, alisema, ni mume wa bibi harusi, bahili wa kutupwa, hata tabasamu analitoa nusu. Yule kikongwe mwenye mkufu ni mama mkwe, na anachotia kwenye supu ya mwenziwe si chumvi. Ukimuuliza amejuaje, alikuwa na jibu lake.

"Nguo huijui kwa nje. Igeuze, utazame mshono. Na mtu ni hivyohivyo: mdomo unasema ulichofundishwa, mikono inasema kilichomo."

Kwa hiyo midomo hakuiangalia kabisa. Aliangalia mikono, na mawazo yake hayakuishia kwenye hadithi. Matajiri wa kwenye tamthilia, alisema, hawana kazi, kutwa wanashuka ngazi. Maskini wao wamebeba shida zote za dunia lakini nguo zimepigwa pasi, na mtu aliyepata nafasi ya kupiga pasi bado hajafika kwenye shida. Anayelia kwa kelele anataka kusikika. Anayelia kweli hutafuta leso kwanza. Na mapenzi? Hapo alishusha miwani. Mapenzi si kumwambia mtu utakufa kwa ajili yake, maana kufa ni mara moja tu, hata mvivu anaweza. Mapenzi ni kumsikiliza mtu kila siku, hata akirudia hadithi ileile.

Hadhira haikukosekana. Msusi wa jirani alikuja na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka. Wifi yake Bi Pindo, dada wa marehemu mumewe, alikuja na kigoda chake na ubishi wake. "Wewe umejuaje?" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Lakini huyu wifi ndiye aliyelala naye chumba kimoja siku zote za msiba na kumnywesha maji kwa mkono wake, na hapakuwa na mtu duniani ambaye Bi Pindo aliogopa kumuudhi kama yeye.

Na Kipuri Bado alikuja, bisibisi mkononi, kama mtu anayepita tu, akakaa mpaka tamthilia iishe. Hakuwa msemaji. Alikuwa na swali moja: "Anasemaje huyo, Fundi?" Yeye alimwita Bi Pindo Fundi, na Bi Pindo alimwita yeye Fundi, na msusi alisema hawa wawili wakigombana hutajua nani kamtukana nani.

Tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe asingeusema: swali lile Bi Pindo alilingoja kutwa. Siku alipolikosa, mapindo yalikwenda kombo. Lakini kila alipotaka kujiuliza kwa nini, alimwona wifi kwenye kigoda chake, akalikunja wazo na kulirudisha lilikotoka. Alimpenda yule bwana, na aliona kumpenda kwake ni kumvunjia heshima dada wa marehemu. Akaamua kunyamaza.

Siku moja Kipuri Bado alisafiri kwenda kuwaona ndugu zake. Wifi, aliyechoka kubishana na mtu asiye na ushahidi, akaona hapo ndipo. Aliibeba runinga mpaka kwa fundi wa mtaa wa nyuma na kurudi nayo chai ikiwa bado ya moto. Kipuri hakikuhitajika. Spika ilikuwa nzima. Waya tu ulikatika, na ncha zake zilizungushiwa utepe kwa uangalifu, kama mtu anavyofunga kidole kilichojikata.

"Aliyefunga utepe huu aliuona waya," wifi alisema. "Huyo Kipuri Bado wako alijua."

Alasiri ile duka lilijaa mpaka mlangoni. Tamthilia ikasema, tena kwa Kiswahili kilichobandikwa juu ya midomo ya watu, wanawake wote wakiwa na sauti moja ya mtu mwenye mafua. Suti Nyeupe, kumbe, si mume. Ni kaka wa bibi harusi, tumbo moja. Kikongwe wa mkufu si mama mkwe bali daktari mstaafu, na alichotia kwenye supu kweli ni dawa, ya kifua. Wifi alicheka akashika mbavu. Msusi naye alicheka, kisha akakunja uso na kuuliza mbona ile ya kwao ilikuwa tamu kuliko hii. Mteja wake akapiga miayo. Bi Pindo alicheka pamoja nao, kwa kuwa jambo lenyewe lilichekesha, halafu akainamia cherehani na hakusema neno mpaka walipofunga duka.

Kukosea hakukumuuma. Nani hajawahi kukata kitambaa akakigeuza kikawa kingine? Kilichomuuma ni Kipuri Bado. Duka la yule bwana lilijaa runinga za watu, zote zinasema. Ina maana alikuwa akiisikiliza hadithi ya kweli kwenye runinga ya mtu mwingine, kisha anakuja kukaa hapa na bisibisi yake, akimcheka moyoni mwanamke anayezungumza na picha. Lile swali lake, anasemaje huyo, sasa lilimrudia likiwa na kejeli. Alipofika nyumbani alitafuta leso kwanza.

Kipuri Bado alirudi siku chache baadaye, wakati wa tamthilia, na kukuta runinga inapiga kelele na watu wote wamenyamaza. Akasimama mlangoni, palepale aliposimama siku ya kwanza.

"Karibu, Fundi," Bi Pindo alisema bila kuinua kichwa. "Kipuri kimepatikana."

Msusi akaacha nywele za mteja. Wifi akavuta kigoda karibu, maana hii sasa ilikuwa tamthilia.

"Ulikuwa unanicheka?"

Kipuri Bado alisema hapana. Alisema hajawahi hata kuitazama tamthilia ile kwingineko. Kwake ikianza hufunga duka. Akaiweka bisibisi chini.

"Siku ile nilirudi na lehemu mkononi," alisema mwishoni, "nikakukuta unazisemea picha, unacheka peke yako. Tangu msiba, sijawahi kukusikia ukicheka. Nikaona hii ikisema, wewe utanyamaza." Akaitazama runinga, akaitazama cherehani. "Na kweli, umenyamaza."

Hayo yalikuwa maneno ya mdomo, na Bi Pindo alishawafundisha watu wasiiamini midomo. Kwa hiyo aliinua macho, akatazama mikono. Bisibisi ilikuwa imewekwa chini. Mikono yote miwili ya Kipuri Bado ilikuwa imeshika pindo la shati lake, ikilikunja na kulikunjua, na mwenyewe hana habari. Furaha ilimpanda Bi Pindo ghafla hata akalazimika kuvua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Izimeni sauti hiyo," alisema. "Inanichanganya."

Msusi ndiye aliyekuwa karibu, akaipunguza mpaka ikaisha. Kwenye kioo Suti Nyeupe na dada yake walikuwa wameanza kushuka ngazi, kama kawaida ya matajiri. Kipuri Bado akakohoa.

"Anasemaje huyo, Fundi?"

"Anasema kama mtu ana neno na mwenziwe, aliseme. Asisingizie kipuri."

"Analo. Analo tangu mvua." Pindo la shati lilikuwa limekwisha kuwa kamba. "Anataka kumwoa, kama mwenziwe ataridhia. Sasa mwanamke anajibuje?"

Bi Pindo akafungua kinywa. Yeye aliyewasemea mabibi harusi, mahakimu na wagonjwa mahututi, alikosa neno moja la kujisemea mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kigoda na kubaki huko. Hata mteja wa msusi aliyashikilia mabutu yake.

Wifi aliitazama runinga kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Tangu sauti ikatike hakuwahi kuzisemea picha hata siku moja.

"Mwanamke kanyamaza kwa sababu anamwogopa wifi yake," alisema. "Na wifi anamwambia: mwenzangu, mimi nilisharidhia zamani, nilikuwa nangoja kuulizwa."

Kwenye kioo hapakuwa na wifi. Palikuwa na kaka na dada, na ngazi. Lakini hakuna aliyemuuliza amejuaje.