Ngazi ya Ufagio

Ndugu yangu Idarus ana miaka thelathini na sita, anachonga milango, na hajui kumwambia mtu hapana. Mimi namsema kwa kuwa ni ndugu yangu. Wewe ukimsema tutakosana. Tangu ana miaka kumi na minane yuko karakana ya Bwana Mohdhar, na milango mingi mipya ya mtaa wetu hapa Amu, kisiwani Lamu, imepita mikononi mwake. Hayo wanayajua wote. Mimi nataka kueleza lile alilolificha.

Idarus ametunga mchezo. Si bao wala karata. Mnakaa chini, kila mmoja anajitwalia mtu wake wa kubuni katika nchi ya kubuni, yenye majoka na wafalme wabaya, na Idarus anawasimulia yanayowakuta. "Joka limeziba ndia, mwafanyaje?" Nanyi mnajibu. Jambo likiwa gumu, unatia mkono katika mfuko wa kitambaa utoe kibao chenye namba: kubwa umefaulu, ndogo umeumia. Wenzetu wa kwingineko hutumia dadu, lakini marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, na dadu nyumbani kwetu haikuingia wala haitaingia. Vibao Idarus alivichonga mwenyewe kwa mabaki ya mti wa mbambakofi ya karakana.

Tulikuwa tukicheza kwangu kila Ijumaa baada ya Alasiri, watu watatu: Idarus, mimi, na mume wangu Barka wa ofisi ya maji, ambaye akishindwa mtaa mzima hujua.

Kila mtu wa mchezoni ana kazi yake: mlinzi, tabibu, nahodha, au mshairi, ambaye beti zake hufungua makufuli na kutuliza mawimbi. Ukikomaa unapanda ngazi, na ngazi ya kwanza ya kila kazi huja na zawadi. Mlinzi hupewa ngao, tabibu mkoba wa dawa, na kadhalika. Mwanzoni Idarus aliandika kwamba kila upandapo ngazi, una ruhusa ya kuingia kazi nyingine. Masikini, hakujua anacheza na nani. Mimi Swafiya nina duka la dawa. Sheria yenye tundu naiona kabla sijaketi. Nikachukua ngazi moja ya mlinzi, nikapata ngao. Moja ya tabibu, nikapata mkoba. Moja ya nahodha, moja ya mshairi. Wiki ya nne nilikuwa na kila kitu, na Barka, mlinzi mwaminifu wa ngazi nne, amekaa kando anatafuna mkate wa mofa. Joka nililimaliza peke yangu.

"Huu ni wizi!" akasema Barka.

"Ni sheria," nikamjibu. "Muulize shemeji yako."

Idarus akageuza: kazi moja tu mpaka kufa. Ijumaa mbili tukapiga miayo. Nani anataka kufungiwa hivyo hata katika mambo ya kubuni? Akageuza tena: ruhusa kuchanganya, ila unapunguziwa tano katika kila kibao unachotoa. Ebo! Hakuna aliyethubutu. Akairarua karatasi.

Na alikuwa na haraka. Bwana mmoja wa Mombasa, Philip, anayechapa michezo ya namna hii, alikuwa amesoma maandishi yake na kumpigia simu: njoo ukae huku miezi mitatu tukimalize kitabu cha mchezo, lakini hiyo sheria ya kazi mbili lazima kwanza ikae sawa. Idarus alifurahi mpaka akashindwa kula. Kisha akashindwa kula kwa sababu nyingine. Bwana Mohdhar hakuwa na habari yoyote ya mchezo huo. Mzee hana mtoto wa kumwachia karakana, na watu wote wanajua amemwekea Idarus. Sasa aambiweje? Kwamba fundi wake anakwenda Mombasa kucheza?

"Akinikasirikia, Dada, ntakuwa sina pa kurudi," aliniambia, na macho yalikuwa mekundu.

Sheria yenyewe aliipata palepale karakanani. Alikuja fundi wa mashua kutoka Ndau, mtu mzima na ndevu zake, anataka kujifunza nakshi. Alikuja na fundi aliyemfundisha kuunda mashua, naye mwalimu huyo akasimama mlangoni akasema kwa maneno machache kwamba amemwachia mwanafunzi wake. Bwana Mohdhar akampa ufagio. Ndiyo desturi ya pale: uwe nani, utaanza kwa kufagia maranda na kunoa patasi za wenzako. Yule bwana akafagia wiki tatu wala hakununa. Lakini siku aliyoshika patasi, mkono wake ulikuwa unaujua mti tayari. Mwezi haukwisha, akawapita waliokaa mwaka mzima.

Idarus akaja mbio dukani, maranda kichwani, nami namhudumia mtu dawa ya kikohozi. "Dada, nimeipata!"

Sheria ikawa hivi. Anayetaka kazi ya pili anaanza ngazi ya ufagio: hapewi zawadi, anabeba mizigo ya wenzake, na mchezo ukiisha anakusanya vibao na kufagia. Lazima mwalimu wake wa kwanza aseme mbele ya watu: "Huyu ni mwanangu wa kazi. Nimemwachia. Mpokeeni." Na achague jambo moja ambalo mkono wake unalijua, aingie nalo katika kazi mpya.

Ijumaa tukaijaribu. Nilitafuta tundu mpaka kichwa kikaniuma, hakuna. Mlinzi wa Barka akawa mshairi, akaingia na ngao, beti zake anazipigia mdundo kwenye sinia langu la shaba mpaka jirani akagonga ukuta. Nilicheka mbavu zikaniuma. Kisha nikamgeukia ndugu yangu.

"Na wewe je? Wewe ruhusa umeomba kwa nani?"

Akajitia kuhesabu vibao.

"Sheria umeandika mwenyewe, Idarus."

Nilikuwa mkali, najua, na sijutii.

Jumatatu akamweleza mzee habari ya mchezo na ya Philip. Bwana Mohdhar hakuinua hata uso kwenye ubao aliokuwa akiuchonga. Alisema tu, "Niletee hayo makaratasi," akaenda nayo nyumbani. Siku nne makaratasi hayakurudi. Idarus alikonda, wallahi.

Ijumaa tukasikia hodi. Bwana Mohdhar huyo, kanzu imepigwa pasi, makaratasi kwapani.

"Nimekuya kuteza," akasema. Akaketi, akaokota kibao. "Mbambakofi yangu hini."

"Mabaki, Bwana Mohdhar," Idarus akasema kwa sauti ndogo.

"Mabaki yangu."

Kwa heshima, Idarus akamwandikia mlinzi wa ngazi ya ishirini. Mzee akakunja uso.

"Mtezo hunu mimi naujua?"

"La, Bwana."

"Basi ishirini ya nini? Au sheria yako ni ya watu wengine? Andika ufagio."

Subhanallah, mzee yule! Alibishania kila kibao. Alimtuhumu Barka kwamba anachungulia mfukoni. Alibeba mizigo yetu sote huku analalamika mgongo, mizigo ambayo haipo. Tulipokwama kwenye mlango wa jumba la joka, na mshairi wetu beti zimemgomea, akauliza, "Mlango wenyewe ni wa mti gani?" Idarus akataja. "Mti huo hupasuka ukitiwa kabari upande wa tini. Tieni." Tukaitia huko chini, tukaingia. Barka akapiga sinia.

Magharibi ilipokaribia tukamaliza. Nikanyoosha mkono nikusanye vibao.

"Wata!" akanikemea, akanizuia mkono. "Hiyo ni kazi ya mwenye ufagio."

Akapiga magoti, akaokota kibao kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Akaniomba ufagio, akafagia makombo yote ya Barka. Idarus amesimama, hajui atazame wapi.

"Mpigie huyo Philip," mzee akamwambia.

Simu ikaita, ikapokewa. Bwana Mohdhar akasogea karibu, ufagio bado mkononi, akasafisha koo. Alikuwa ameyahifadhi maneno ya sheria.

"Huyu ni mwanangu wa kazi. Nimemwachia. Mpokeeni."

Philip alikuwa ameshatumiwa sheria ile. "Nimempokea, Bwana," akajibu.

"Na muanze naye ufagio, asije akajiona." Kisha akamgeukia Idarus. "Patasi zako hazishikwi na mtu mpaka urudi."

Idarus akalia mbele yetu sote, na safari hii hakuficha.