Udi wa Ami Seif na Saksafoni ya Mwakio

Nakumbuka alasiri moja pale Voi, mwanangu, katika miaka ya tisini, nilipomnyamazisha bibi wa watu katikati ya wimbo wake mwenyewe. Sikumkemea wala sikumkatiza. Nilimnyamazisha kwa ala niliyokuwa nayo mapajani, tena huku nikitabasamu.

Ala yenyewe ilikuwa udi. Sisemi udi wa kufukiza, ule mama yako anaoutia chetezoni. Nasema udi wa nyuzi, wenye tumbo kama boga lililopasuliwa na shingo iliyopinda kwa nyuma. Ulikuwa wa Ami Seif, mdogo wake baba, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Ndiye aliyenifundisha, kila siku baada ya swala ya alasiri, wateja wakipungua. Shingo ya udi ni tupu, haina vile vyuma vya gitaa vinavyokuonyesha pa kubonyeza. Kidole chako ndicho kinachotafuta. Na kati ya sauti mbili unazozijua, iko nyingine imejificha, ambayo kinanda hakina. Ami alinisumbua mwaka mzima juu ya sauti hiyo moja mpaka nikaipata.

Nilipofika miaka ishirini na mbili nikapata rafiki, Mwakio, Mtaita wa Wusi, kule milimani, karani wa stoo pale mjini. Alikuwa na saksafoni aliyoachiwa na mjomba wake, mpiga bendi wa mahotelini, na kanda za jazi tele ndani ya katoni. Jumapili akitoka kanisani tulikutana nyuma ya duka la Ami. Mimi napiga nyimbo za Kiarabu tulizorithi kwa wazee wetu wa pwani, yeye anazizungukia na jazi yake. Mwanangu, ilikuwa tamu! Watu walisimama barabarani na mizigo yao kichwani kusikiliza.

Ila kila tulipofika kwenye ile sauti iliyojificha, tuligongana.

"Hapo kuna kitu," Mwakio alisema. "Tutulie tuitafute polepole."

Mimi sikuwa na subira. Nilimwambia kwamba udi ndio wenye kasoro, kwa kuwa ni wa kizamani, na saksafoni ndiyo ya kisasa. Ami aliposafiri kwenda Mombasa kuleta bidhaa, nilichukua mshipi wa kuvulia samaki, nikauzungusha kwenye shingo ya udi, duru baada ya duru, zikae mahali pa vile vyuma vya gitaa, nikapima kwa kufuata gitaa la jirani, kisha nikagandisha kwa gundi. Nikapiga. Kila sauti ilitoka safi, imenyooka kama ya kinanda.

Mwakio aliuinamia, akauona ule mshipi. "Mzee anajua?"

"Akisikia atafurahi," nikamjibu. Hapo nilisema uongo, na nilijua.

Juma hilo palikuwa na harusi mtaani kwetu. Bibi yake bi harusi, Bi Zuhura, alikuwa hajaimba tangu afiwe na mumewe. Lakini siku hiyo alituma mtu kwetu: anataka kumwimbia mjukuu wake wimbo alioimbiwa yeye siku ya ndoa yake. Tukaupiga. Aliinuka akishikwa mkono, akaanza, na sauti yake, ingawa ya kizee, ilikuwa imara. Alipofika pale pa sauti iliyojificha, alikwenda nayo kama alivyoizoea, akanikuta mimi niko pengine. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Nikamkosesha tena. Wageni wakatazamana.

"Wameubadilisha," akasema, bila hasira. "Huu mimi siujui."

Akaingia ndani, na mjukuu wake akaondoka siku ile kwenda kwa mumewe Mombasa bila kuimbiwa.

Kumbe Ami Seif alikuwa amerejea mchana, naye alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka. Alingoja mpaka watu wakala, wakanawa mikono, wakaaga. Kisha akauchukua udi, akapitisha dole gumba juu ya ule mshipi. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

"Abdalla, kwa nini?"

"Sauti yetu haiingiani na ya Mwakio, Ami. Nilitaka tufanane."

"Ulimuuliza Mwakio kama anaweza kuifikia?"

"La."

"Umeitoa sauti ya watu kwa ajili ya mtu ambaye hata hukumuuliza. Kesho atakuwa kwao kwa mama yake; panda Wusi ukamuulize."

Nilipanda. Kulikuwa na ukungu na baridi iliyonipenya mpaka mifupani, mimi mtu wa joto la Voi. Nilimkuta Mwakio shambani na mama yake wakivuna maharagwe. Nilikuwa na haya, lakini nilimwomba radhi, kisha nikamwimbia ile sehemu kwa mdomo. Akanawa mikono, akaleta saksafoni, akalegeza midomo kidogo, akaiacha sauti iteleze. Ikatua pale pale.

"Hii?" akasema. "Hii mimi naipiga kila siku. Kwenye jazi hapo ndipo tunalilia; kwenye nyimbo zenu nilikuwa nainyoosha, nikiogopa kuziharibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema udi ndio uko na makosa. Wewe ndiye mwenyewe, ningekubishia vipi?"

Mama yake alicheka mpaka akaketi juu ya gunia.

Nilirudi nikaibandua gundi kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, siku mbili nzima. Shingo ilibaki na alama, na Ami alikataa katakata zisuguliwe. Miezi michache baadaye yule bi harusi alikuja kuwatembelea wazazi wake. Tukaenda na Mwakio mpaka barazani kwa Bi Zuhura, nikamwomba msamaha mbele ya watu, tukaanza. Aliimba wimbo wote. Ile sauti ilipofika, tuliifikia watatu kwa pamoja, naye akageuka kumtazama Mwakio.

"Kijana wa milimani, nani kakufundisha kulia kama sisi?"

Mwakio alimjibu kwa saksafoni, akairudia sauti ile ile. Na mjukuu alikuwa amefunika uso kwa mtandio, analia na kucheka. Tangu hapo tulipiga pamoja miaka mingi, Voi, Wundanyi, Taveta, na sijawahi kuona haya kwa udi ule popote.

Basi nisikie, mwanangu. Utakutana na watu wa kila namna, na wengi watakuwa na mazuri ya kukupa. Yapokee. Lakini usiharakishe kujikata ili uwaenee. Kwanza waonyeshe ulichonacho kizima, kisha waulize nao wana nini. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, mfuate uliyemkosea huko huko aliko, hata iwe kupanda mlima kwenye baridi.

Mungu akupe sikio la kusikia wenzako na kifua cha kusimama na chako. Akukutanishe na rafiki wa mfano wa Mwakio, na kila nyumba utakayoingia ufurahi nayo, nayo ifurahi nawe. Amina.