Msharika wa Mnadani

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa Mlalo nzima imeshajua, acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Binti yangu Neema alifaulu mtihani wa kuingia shule ya bweni ya kanisa, ikabaki mzazi kuhojiwa. Niliitaka ile shule kuliko kitu chochote, maana ile ya kata iko mbali, masika yakianza njia inateleza, wanafunzi hawafiki na walimu nao hawafiki. Sasa mimi sababu hiyo nikaiona ya kimaskini mno, nikaamua niseme tunafuata malezi ya kiroho (mimi, ambaye ibada yangu huanza watu wakishatoka kanisani, pale uwanjani wanaponadi sadaka za mavuno, najipatia kabichi na mayai, narudi zangu nyumbani).

Kwa ajili ya mvua tulihojiwa wote ukumbini, kila mzazi na mtoto wake kando, akisikia ya mwenzake. Jirani yangu Mama Zuhura, mkulima wa karoti, Mwislamu wa swala tano, akaulizwa na Mwalimu Mkuu kwa nini kachagua shule ya Kikristo. "Hapa walimu wanaingia darasani," akajibu, akakaa. Nikamsikitikia kweli, nikajua kaharibu.

Zamu yangu nikasimama. "Sisi ni watu wa ibada, Mwalimu Mkuu. Jumapili sijakosa hata moja." Ningeishia hapo! Nikaongeza kwamba nyumbani hatuli bila sala, naye akafurahi, akaniomba niwaombee wote. Nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu (nani asiyeijua?), nikafika kwenye mkate wa kila siku nikakwama, nikarudi mwanzo, nikakwama pale pale, mpaka Mama Zuhura, aliyesoma misheni utotoni, akaninong'oneza mstari unaofuata.

Kufumbua macho, mezani kaongezeka mtu: mzee wa kanisa wa usharika wetu, mjumbe wa bodi ya shule, na ndiye anayenadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mahubiri ya Jumapili iliyopita yalihusu nini?"

"Upendo," nikasema (mahubiri gani hayahusu upendo?).

"Hatukuwa na mahubiri, ilikuwa siku ya kwaya." Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Huyu namfahamu, ni msharika wa mnadani. Juzi kaondoka na jogoo wangu."

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Mwalimu Mkuu. Alilifunga faili la Neema taratibu, nami nikamwona mwanangu anarudi kwenye lile tope kwa ajili ya mdomo wangu. Nilijichukia. Ndipo Neema akasimama bila kuitwa.

"Tate aliishia la saba," akasema (ndivyo anavyoniita, Kishambaa chetu cha nyumbani). "Anataka nisome mahali ambapo mvua ikinyesha mwalimu bado yupo. Kila siku ananiambia hivyo, hapa kaona haya."

Mwalimu Mkuu akalifungua faili. "Baba Neema, ungelisema hilo tungekuwa tumeshamaliza."

Neema alichukuliwa, na Zuhura pia. Siku hizi naingia kanisani kengele ya kwanza, naketi mbele mzee anione vizuri, na mnadani sinyooshi mkono hata kwa yai. Ila si mzee aliyeniumiza. Njiani kurudi nilimwuliza Neema kwa nini aliniacha nipotee vile mbele za watu.

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe," akajibu.

Tangu hapo nikiulizwa swali najibu kama Mama Zuhura, halafu nakaa.